Medea Hana Cheti cha Ndoa

Hipparete alikuwa binti wa ukoo tajiri wa Athene, na mumewe Alcibiades alikuwa kipenzi cha mji mzima: kijana mzuri wa sura, mwenye ulimi mtamu, mwanasiasa na askari. Alikuwa pia mtu wa makahaba, wenyeji na wageni, na hakujisumbua kuficha. Hipparete alivumilia weee, mwisho akafunga virago akahamia kwa kaka yake. Mume hakushtuka, akaendelea na starehe zake. Ndipo mke alipoamua kudai talaka.

Kwa sheria ya Athene ya karne ya 5 KK, mume aliyemchoka mkewe alimrudisha kwao, basi, yamekwisha. Mke aliyetaka kuachika alipaswa kwenda mwenyewe kwa arkoni, ofisa mkuu wa mji, na kumkabidhi hati yake mkononi. Hipparete akaenda. Alcibiades akamkuta huko huko, akamnyanyua, akambeba katikati ya soko mpaka nyumbani. Soko lilikuwa limejaa watu na hakuna aliyethubutu kumzuia. Haikupita muda mrefu Hipparete akafariki, bado mke wa mtu yule yule.

Plutarch, aliyeisimulia habari hii miaka kama 500 baadaye, hakuona ajabu yoyote. Kwa maoni yake, sheria ilimtaka mke ajitokeze hadharani kwa makusudi, ili mume apate nafasi ya kumdaka na kumrudisha. Fedha nazo zilikuwamo. Alcibiades alikuwa amepewa talanta 10 alipomwoa, kisha akadai nyingine 10 alipozaliwa mtoto. Mke akiondoka, mali aliyokuja nayo hurudi kwao. Mwanamume aliyembeba mkewe sokoni alikuwa amebeba na hazina.

Watu waliosimama sokoni siku ile, au baba zao, ndio waliokaa kwenye mteremko wa kusini wa Akropoli mwaka 431 KK kutazama tamthilia mpya ya Euripides iitwayo Medea. Ilikuwa sikukuu ya mungu Dionysus, majira ya kuchipua. Washairi watatu walishindana, kila mmoja na tamthilia zake tatu za huzuni na moja ya vichekesho. Waigizaji wote walikuwa wanaume waliovaa barakoa, hata wa nafasi za wanawake. Kama wanawake waliruhusiwa hata kukaa na kutazama, wataalamu wanabishana hadi leo. Euripides akashika nafasi ya tatu katika watatu.

Kisa kilijulikana. Medea ni binti wa mfalme wa Kolkis, upande wa mashariki wa Bahari Nyeusi, nchi ambayo leo ni Jojia. Alimpenda mgeni, Jason, akamsaidia kuiba ngozi ya dhahabu, akamsaliti baba yake, akamuua kaka yake, akamfuata mwanamume mpaka Ugiriki. Tamthilia inapoanza wamekaa Korintho na wana wawili wa kiume, na Jason ameoa binti wa mfalme wa hapo. Mfalme anamwamuru Medea aondoke nchini leo hii. Anaomba siku moja tu, anapewa. Siku hiyo inamtosha: anamtumia bibi harusi vazi na taji vyenye sumu, binti anateketea pamoja na baba yake aliyemkumbatia, kisha Medea anawaua wanawe mwenyewe na kuondoka angani katika gari la babu yake, Jua.

Wengi wanaikumbuka damu ya mwisho. Mimi naona uzito wa tamthilia umekaa mwanzoni, pale Medea anapotoka nje ya mlango na kuzungumza na wanawake wa Korintho, ambao ndio korasi, lile kundi linaloimba na kucheza katikati ya matendo. Anawaeleza hali ya mwanamke aliyeolewa: anamnunua mume kwa mali ya baba yake, kisha huyo huyo aliyenunuliwa anageuka bwana wa mwili wake, akikosea kuchagua, talaka ni aibu kwake, si kwa mume, na wanaume wanaojisifu kwamba wao ndio wanaokwenda vitani hawajui wanalosema, kwa kuwa yeye angechagua kusimama na ngao mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Maneno haya yalitoka nyuma ya barakoa, kinywani mwa mwanamume, yakiwaendea wanaume wa mji ambao vita vyake vikubwa na Sparta vilikuwa vinaanza mwaka ule ule.

Jason naye ana hoja zake, na zinatia hasira kwa jinsi zilivyopangika. Anasema hakuoa kwa tamaa. Ameoa kwa faida ya wote: wanawe wapate ndugu wa kifalme, nyumba ipate nguvu. Medea, anasema, angetulia tu angefaidi. Mwathene aliyemsikiliza alijua pia jambo lisilotajwa jukwaani. Tangu mwaka 451 KK, kwa sheria iliyopendekezwa na Pericles, mtu hakuhesabiwa kuwa raia wa Athene ila baba na mama yake wote wawe wa Athene. Kwa macho ya mtazamaji huyo, mke wa kigeni kama Medea hakuwa na kaka wa kumkimbilia wala arkoni wa kumpelekea hati. Hipparete alikuwa na sheria mbovu. Medea hakuwa na yoyote.

Na wale wanawake wa korasi? Wanamwonea huruma, wanakubali kumtunzia siri. Mwishoni wanasikia watoto wakilia ndani, wanaulizana kama waingie, na hawaingii. Mlango unabaki umefungwa. Mlango huo nitaurudia, kwa sababu wanawake walioiandika upya tamthilia hii karne nyingi baadaye waliukazia macho.

Kuna masimulizi ya zamani yaliyosema kwamba watoto wa Medea waliuawa na watu wa Korintho, wala si na mama yao. Ulikuwapo hata uvumi kwamba Wakorintho walimpa Euripides talanta tano awaondolee lawama. Ni umbea wa kale na hauaminiki, lakini unaonyesha kwamba hata wakati ule watu walijua kisa kingeweza kusimuliwa vingine. Mwaka 1996 mwandishi wa Ujerumani, Christa Wolf, aliirudia njia hiyo katika riwaya inayomsafisha Medea kabisa: alichafuliwa jina na mji uliohitaji mgeni wa kubebeshwa maovu yake.

Karne zilizofuata nitazipita haraka. Seneca wa Roma alimfanya Medea mchawi wa kutisha, Corneille wa Ufaransa akamleta jukwaani mwaka 1635, Cherubini akamtungia opera mwaka 1797. Hao walivutiwa na hasira na uchawi. Malalamiko ya ndoa yalisubiri mpaka katikati ya karne ya 19, na aliyeyarudisha alikuwa mwanamume.

Ernest Legouvé alikuwa mwandishi wa Paris aliyetoa mihadhara mwaka 1848 kuhusu historia ya wanawake na sheria zinazowabana, kisha akaichapa kama kitabu mwaka uliofuata. Tamthilia yake ya Medea aliiandika kwa ajili ya Rachel, mwigizaji aliyetukuka kuliko wote Ufaransa. Rachel akakubali, halafu akakataa. Legouvé akampeleka mahakamani na akashinda fidia, ila ushindi wa mahakamani hauinui pazia. Tamthilia ikachukuliwa na mpinzani wa Rachel, Mwitaliano Adelaide Ristori, aliyeiigiza Paris mwaka 1856 kwa Kiitaliano, mbele ya watu ambao wengi hawakuelewa lugha hiyo lakini walijaa ukumbini.

Legouvé aligeuza mwisho. Watu wa Korintho wanakuja kwa ghasia kuwanyang'anya watoto, na Medea anawaua katika vurumai hiyo, asikubali wachukuliwe. Jason anafika na kuuliza ni nani aliyewaua. Medea anamjibu kwamba ni yeye Jason. Pazia linashuka. Swali la nani muuaji, lililokuwa wazi kwa Euripides, sasa lilikuwa na majibu mawili.

Ristori aliipeleka London mwaka huo huo. Wiki chache baadaye ukumbi wa Olympic ulitoa kichekesho cha kuidhihaki, kilichoandikwa na Robert Brough, na jina lake refu lilimwita Medea mama bora kuliko wote mwenye mume mnyama. Nafasi ya Medea ilichezwa na Frederick Robson, mwanamume mfupi mwenye kipaji cha ajabu: aliwachekesha watu, na ghafla aliwaogopesha kweli kweli, mpaka wakaona haya kwa kucheka kwao. Ristori mwenyewe alikwenda kumtazama.

Mwaka ule wa 1856 London ilikuwa inazungumzia ndoa kila mahali, kwa maana Bunge lilikuwa na muswada wa talaka mezani. Hadi hapo, talaka kamili ya kumwezesha mtu kuoa au kuolewa tena Uingereza ilihitaji sheria maalumu ya Bunge kwa kila mwombaji, na gharama zake zilimudiwa na matajiri tu. Katika historia yote ya utaratibu huo, wanawake waliofanikiwa walikuwa wanne. Mali ya mke ilikuwa ya mume, na hata fedha alizochuma kwa kalamu yake zilikuwa za mume.

Aliyelijua hilo kwa uchungu alikuwa Caroline Norton, mwandishi mwenye jina. Mwaka 1836 mumewe George alimshtaki waziri mkuu, Lord Melbourne, kwa kuzini na mkewe. Alishindwa kesi, lakini akabaki na watoto. Wana watatu wa Caroline walipelekwa kwa ndugu za baba yao huko Scotland, na mama hakuwa na haki ya kuwaona, kwani kisheria watoto walikuwa wa baba. Alipigana kwa vijitabu na barua mpaka Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1839 iliyompa mama ruhusa ya kuomba kukaa na watoto walio chini ya miaka saba. Sheria hiyo haikufika Scotland. Mwaka 1842 mwanawe mdogo, William, alianguka kutoka kwenye farasi akaumia, na mama alipoitwa na kufika alikuta mtoto amekwisha kufa. Mwaka 1855 akamwandikia Malkia Victoria barua ya wazi kuhusu muswada wa talaka, barua ndefu, yenye hasira iliyotulia.

Sidai kwamba Norton alikuwa akimfikiria Medea. Ninachosema ni kwamba mtazamaji aliyetoka nyumbani baada ya kusoma habari zake gazetini, akakaa ukumbini kumwona Ristori akiwakumbatia wanawe huku watu wa mji wakija kuwachukua, hakuona kisa cha wachawi wa kale. Aliona kesi aliyoifahamu. Sheria ilipita mwaka 1857. Ilimruhusu mume kumwacha mke kwa uzinzi peke yake. Mke alitakiwa athibitishe uzinzi na juu yake jambo jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Usawa katika hilo ulikuja mwaka 1923.

Katikati ya tarehe hizo mbili, Oktoba 1907, Medea alirudi London, safari hii katika tafsiri ya Gilbert Murray, mtaalamu wa Kigiriki aliyezaliwa Sydney na aliyeunga mkono haki ya wanawake kupiga kura. Iliigizwa katika ukumbi wa Savoy, na Medea alikuwa Edith Wynne Matthison. Ofisi iliyokagua maigizo Uingereza iliipa ruhusa bila shida. Ofisi hiyo hiyo ilikuwa ikiikataza Mfalme Oedipus, ile ambayo Samuel Mushi baadaye aliitafsiri kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode, kwa sababu ya mambo ya mama na mwana, na haikuifungulia mpaka mwaka 1910. Mama kuchinja watoto, ruksa; mwana kulala na mama asiyemjua, marufuku. Sijui walipima kwa mizani gani.

Mwaka 1907 wanawake waliodai kura walikuwa wakiandamana katika matope ya Februari na kukamatwa mbele ya Bunge. Wapinzani wao walikuwa na hoja moja waliyoipenda mno: nchi hulindwa kwa nguvu, wanaume ndio wanaopigana, kwa hiyo wanaume ndio wanaopaswa kupiga kura. Jibu la hoja hiyo lilikuwa limekaa ndani ya tamthilia ya miaka zaidi ya 2,300, tayari, limetafsiriwa kwa Kiingereza kizuri na profesa. Hotuba ya Medea kwa wanawake wa Korintho ikaanza kusomwa kwenye mikutano ya kudai kura. Ngao mara tatu, uzazi mara moja: hakuna mbunge aliyekuwa na la kujibu hapo.

Ila walichukua hotuba wakaacha kisu. Hakuna chama cha siasa kinachoweza kumweka mbele muuaji wa watoto, na hilo linaeleweka. Katika mikutano ile Medea alizungumza, akashangiliwa, akaketi. Ilibidi ipite miaka 70 apatikane mwanamke wa kusimama jukwaani na Medea mzima, hotuba na kisu pamoja, mbele ya wanawake wenzake.

Franca Rame alizaliwa mwaka 1929 katika familia ya waigizaji waliozunguka vijiji vya kaskazini mwa Italia na maonyesho yao, na alipandishwa jukwaani akiwa bado mchanga. Aliolewa na Dario Fo, na kwa miongo kadhaa wakaandika na kuigiza pamoja. Siasa zao za mrengo wa kushoto ziliwaletea maadui. Mwezi Machi 1973, mjini Milan, kundi la mafashisti lilimteka Rame na kumbaka. Baadaye aliigiza mwenyewe igizo fupi kuhusu tukio hilo, na kwa muda mrefu hakuwaambia watazamaji kwamba lilikuwa lake.

Mwaka 1974 kikundi chao kiliivamia Palazzina Liberty, jengo lililoachwa la soko la zamani la matunda na mboga la Milan, wakaligeuza ukumbi. Hapo ndipo mwaka 1977 Rame alipoonyesha Tutta casa, letto e chiesa, mkusanyiko wa maigizo ya mwanamke mmoja unaomtazama mwanamke aliyegawanywa kati ya nyumba, kitanda na kanisa. Mengi ni ya kuchekesha hasa. Mama anayetafuta ufunguo asubuhi awahi kiwandani huku mtoto mkononi. Mke aliyefungiwa ndani na mume, anamsimulia maisha yake jirani wa dirisha la pili. Watu hucheka mpaka machozi. Halafu anakuja Medea.

Italia ya wakati huo ilikuwa imetoka vitani kuhusu ndoa. Talaka iliruhusiwa kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1970. Waliokuwa wakiipinga, wakiungwa mkono na Kanisa, waliitisha kura ya maoni kuifuta, na Mei 1974 takriban asilimia 59 ya wapiga kura wakakataa isifutwe. Mwaka 1975 sheria mpya ya familia ilimwondolea mume cheo cha mkuu wa nyumba. Hata hivyo, sheria iliyompunguzia adhabu mwanamume aliyeua mke au binti kwa ajili ya heshima ilibaki vitabuni hadi 1981. Ukumbini mwa Rame walikaa wanawake walioshinda kura na bado wakarudi nyumbani kupika.

Medea wake hana vazi la kifalme wala gari la angani. Jukwaa ni tupu. Rame anazungumza kwa lahaja ya vijiji vya Italia ya kati, na anazicheza sauti zote yeye mwenyewe: ya Medea aliyejifungia ndani, na za wanawake wa kijiji waliokusanyika mlangoni wakimsihi afungue. Hawa ndio korasi, na Rame amewabadilisha. Kwa Euripides walikuwa upande wa Medea, angalau kwa maneno. Kwa Rame ni mashangazi na majirani wenye nia njema ambao wote yaliwakuta, wakanyamaza, wakazeeka. Wanamfariji kwa yale yale waliyofarijiwa nayo: mwanamume huchelewa kuzeeka, mwanamke huwahi kuchakaa; ndiyo kanuni ya dunia; mwache mwenzio mchanga aingie, wewe fikiria watoto wako.

Kisu kimefichwa humo humo, ndani ya neno watoto. Medea wa Rame anagundua kwamba kila anapotaka kusimama anaambiwa akae kwa ajili ya watoto. Sheria za wanaume, anasema, zimewageuza watoto kuwa nira shingoni mwa mama, ili atulie na kukamuliwa. Anaamua kuwaua ili afe mwanamke wa zamani na azaliwe mpya. Si wivu tena, wala si kumkomoa Jason. Rame aliwaeleza watazamaji mapema kwamba ni fumbo na lisichukuliwe neno kwa neno, na nadhani alifanya busara, maana ukiwa umeketi pale na mtoto wako amelala nyumbani, fumbo hilo linauma kuliko kisa.

Jambo moja la pembeni. Kwa muda mrefu watu walizitaja kazi hizi kama kazi za Fo, ingawa mwenye sauti, mwili na sehemu kubwa ya maandishi alikuwa Rame. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1997 ilitolewa kwa Fo peke yake. Fo mwenyewe hakuacha kusema kwamba ilikuwa ya wawili. Maigizo yenyewe yalisafiri: mwaka 1981 National Theatre ya London iliyaonyesha kwa Kiingereza, yakichezwa na Yvonne Bryceland, mwigizaji mkubwa wa Afrika Kusini aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa ukumbi wa Space, Cape Town.

Kisha zamu ikafika Ayalandi. Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1937 ilikataza talaka kabisa. Kura ya maoni ya 1986 haikubadilisha kitu. Ile ya Novemba 1995 ilibadilisha, kwa tofauti ya kura 9,114 katika nchi nzima. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1998, Abbey Theatre ya Dublin ilifungua By the Bog of Cats ya Marina Carr, mwanamke aliyekulia katikati ya nchi, eneo la vinamasi vyeusi ambako watu huchimba mboji ya kuwashia moto. Aliyeongoza alikuwa Patrick Mason, na Olwen Fouéré akacheza nafasi kuu.

Medea wa Carr anaitwa Hester Swane, na kinamasi ndicho kwao. Upande wa mama ni wa Wasafiri, ile jamii ya Waayalandi wanaohamahama ambao wenzao wenye mashamba huwadharau vizazi na vizazi. Amekaa miaka 14 na Carthage Kilbride, wamezaa binti, Josie, mwenye miaka saba. Sasa Carthage anamwoa Caroline, binti wa mwenye ardhi, na Hester ametia sahihi karatasi za kuiachia nyumba. Igizo linaanza alfajiri, Hester akimburuta bata maji mweusi aliyekufa juu ya barafu, akiacha mchirizi wa damu nyuma yake.

Tendo la pili ni karamu ya harusi, na hapo Carr anaonyesha kwamba ni fundi. Bibi harusi amevaa nyeupe, kama ilivyo desturi. Mama mkwe naye amekuja na gauni jeupe, na hataki kumwachia mwanawe hata sherehe hiyo. Josie amevalishwa gauni lake jeupe la komunyo ya kwanza. Halafu mlango unafunguka, anaingia Hester na gauni lake la harusi, lile ambalo hakuwahi kulivaa kanisani. Wanawake wanne waliovaa nyeupe mezani, na ukumbi unacheka, kwa sababu kweli inachekesha. Kila mmoja kati ya wale wanne ameahidiwa kitu na mwanamume mmoja.

Tazama hapo: Hester hakuolewa. Ayalandi ilikuwa imegombana miaka kumi kuhusu talaka, wake wakapata njia ya kutoka na kugawana mali, na mwanamke aliye jukwaani haimsaidii chochote, maana hana cheti cha kupeleka mahakamani. Carr alikuwa amerudi mpaka kwa Euripides kabisa. Sheria inapotengenezwa, hutengenezewa mke anayejulikana, mwenye baba, jina na anwani. Medea huwa yuko hatua moja nje: mgeni Athene, Msafiri Ayalandi.

Mauaji ya Josie ndiyo mabadiliko makubwa. Hester mwenyewe aliachwa na mama yake akiwa na umri huo huo wa miaka saba, na amekaa kinamasini maisha yake yote akimsubiri. Sasa anataka kujiua. Josie anamkuta, anamng'ang'ania, anaomba waende wote, asiachwe kusubiri. Hester anajua kusubiri huko kukoje. Anamkumbatia na kumkata koo, kwa upendo, na hapo ndipo mtazamaji anapokosa pa kushika. Carthage, Jason wa igizo hili, karibu hahusiki. Kisa ni cha mama na binti, na mama wa mama.

Baada ya Carr milango ilifunguka, na sitawataja wote. Mwaka 2000 mshairi Liz Lochhead aliandika Medea kwa kikundi cha Theatre Babel cha Glasgow. Watu wa Korintho wanazungumza kwa lafudhi na maneno ya Kiskoti, na Medea peke yake anazungumza Kiingereza cha mtu aliyejifunza ukubwani, kilichonyooka mno. Scotland ilikuwa imepata Bunge lake mwaka mmoja nyuma, na watazamaji waliojizoeza kujiona wanyonge mbele ya London walijikuta safari hii wao ndio wenyeji wanaomfukuza mgeni.

Mwaka 2015 ukumbi wa Almeida wa London ulimpa kazi hiyo Rachel Cusk, mwandishi wa riwaya ambaye miaka mitatu kabla alikuwa amechapisha kitabu kuhusu kuvunjika kwa ndoa yake na kusakamwa vibaya na wahakiki, wengine wakimshutumu kwa ubinafsi. Medea wake ni mwandishi anayeachwa, anayegombania nyumba, fedha na watoto kwa simu na kupitia wanasheria. Aliongoza Rupert Goold, na Medea alichezwa na Kate Fleetwood, aliyekuwa mke wake, na nadhani mazungumzo ya mezani yalinoga. Korasi ya Cusk ni akina mama wenye watoto wachanga, wanaosengenya kwa sauti tamu. Kisu hakumpa. Cusk alisema haamini kwamba mwanamke wa aina hiyo angewaua wanawe, na akatafuta njia nyingine ya kufikisha maangamizi.

Namheshimu kwa uamuzi huo, na nadhani alikosea. Ukiwa na Medea asiyeua una mke aliyedhulumiwa, na huyo mahakama za leo zinajua pa kumweka: kuna fomu yake, kuna wakili wake, kuna tarehe ya kusikilizwa. Rame na Carr walimwachia kisu, kisha wakamgeuzia mtazamaji kazi ngumu ya kumpenda. Wahakiki wa London waligawanyika kuhusu Cusk, na maonyesho yakaendelea mpaka Novemba, watu wakitoka ukumbini wakibishana kama yule waliyemwona alikuwa Medea au mtu mwingine.